Walisema Sura, Wakaacha Sauti

BARAZANI na Mwanaidi Khamis

Waliomkejeli Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu, hawakuukosoa uimbaji wake hata kwa neno moja. Walisema sura yake. Walisema alivyoingia mjini kutoka Fumba akiwa hana kitu, walisema nguo aliyokuja nayo, walisema na asili yake, kwa kuwa wazee wake walikuwa watumwa. Kejeli hizo wakazitungia nyimbo ili Unguja nzima izisikie. Sauti, ile aliyokuwa akinadia vyungu vyake kabla hajaingia kwenye taarabu, hawakuikosoa. Nadhani hawakuweza. Wangeanzia wapi kuitia dosari?

Siti aliwajibu kwa wimbo, kwamba uzuri wa sura si hoja, hoja ni akili. Kisha akaendelea na kazi. Mwaka 1928 yeye na wenzake walivuka bahari hadi Bombay kurekodi sahani za santuri, na sahani hizo zikasikilizwa pwani yote hii. Alipofariki mwaka 1950, mwandishi Shaaban Robert alikuwa tayari ameshakaa naye kumsikiliza, na akamwandikia wasifu.

Namtaja Siti kwa sababu kisa chake kinanisaidia kupima maneno ya watu. Nimeandika safu hii miaka mingi, na nimepokea sifa na lawama za kila namna. “Dada, wiki hii umetisha.” “Huyu mwanamke hana mume wa kumkanya?” Yote mawili nayasoma. La kwanza linanifurahisha, la pili linaniudhi, basi. Hakuna kati ya hao wawili aliyenionyesha kwamba ameisoma safu.

Msomaji mmoja wa Wete, Pemba, aliniandikia jambo la namna nyingine. Nilikuwa nimeandika kuhusu karafuu, na mahali fulani nikataja kwamba mchumaji hulipwa kwa pishi. Alisema mstari ule alimsomea mama yake, na bibi yule akaanza kuhesabu pishi alizochuma ujanani, akamsimulia na jinsi tawi la mkarafuu linavyokatika ghafla, mtu yuko juu na kapu lake. Hakuniita mwandishi bora, wala sikuhitaji aniite hivyo. Alinionyesha mstari uliofanya kazi.

Na wa pili, wa Pemba pia, alikuja na hasira: “Kila ukiandika Zanzibar unaishia Darajani. Sisi huku tuko nchi gani?” Sikumchukia hata kidogo. Tangu siku ile siandiki neno Zanzibar bila kujiuliza Pemba inasemaje. Lawama ya namna hiyo naipokea kwa mikono miwili, maana aliyeitoa ametumia muda wake kunisoma, ameona pengo, na amelitaja lilipo.

Kwa hiyo siungi mkono yale tuliyozoea kusema, kwamba lawama hujenga na sifa huharibu. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji: methali hii imetufanya wachoyo wa maneno mema. Mtoto anaficha daftari lake zuri, mke anapika miaka ishirini bila kusikia “ahsante, mchuzi umekolea,” na sifa zote tunaziweka akiba ya msibani, zisomwe kwenye wasifu wa marehemu. Lakini hebu tumuulize mgema alisifiwa nini. Ikiwa wanywaji walimwambia tu kwamba yeye ndiye mgema wa wagema, basi walimsifu mtu wakaliacha tembo, na mtu aliyesifiwa hivyo ataona chochote atakachouza kitanunuliwa. Wangemwambia tembo lako la asubuhi ni tamu kwa kuwa hulilazi, angethubutu kulitia maji mbele ya watu wanaojua ladha yake?

Taarabu yenyewe inatufundisha. Tazama mwanamke anavyomtunza mwimbaji. Anakaa kitini ubeti wa kwanza, ubeti wa pili, noti imekunjwa kiganjani. Hanyanyuki kwa sababu mwimbaji ni maarufu. Ukifika ubeti unaomhusu, hapo ndipo anaposimama, anakwenda mbele taratibu kwa mwendo wa ngoma, mkono juu, noti inaonekana, na pengine jicho limemwelekea mwenzake wa meza ya pili. Ukumbi mzima unajua ni maneno yapi yamemgusa. Mwimbaji naye anajua, na atayarudia.

Siti mwenyewe alipolaumu, alilaumu hivyo hivyo. Wimbo wake wa Kijiti unamtaja aliyemuua mwanamke mgeni aliyetoka Dar es Salaam, ukasema alivyotoroka akavuka kwenda bara, ukasema na namna shauri lilivyowageukia wanawake waliotoa ushahidi, wakaadhibiwa wao. Hakuuliza mahakimu wamezaliwa na nani wala wana sura gani. Alisema walichokifanya. Ndiyo maana lawama ile imeishi, na zile kejeli juu ya nguo zake leo tunazikumbuka kwa sababu tu zilimlenga yeye.

Jambo linaloniuma zaidi katika sifa na lawama zetu ni ripoti za shule. Mwisho wa mwaka watoto hurudi nazo nyumbani, na kwenye nafasi ya maoni ya mwalimu wengi hukuta “ongeza bidii” au “vizuri.” Najua darasa lina watoto wengi na mwalimu amechoka, simlaumu kwa uchache wa maneno. Lakini “vizuri” ni neno moja, na “insha zake zina mwanzo mzuri, hesabu za sehemu zinamshinda” hayajazi hata mstari wa pili. Mtoto akisoma hayo anajua Januari aanze na daftari lipi, na mzazi naye anajua jioni amkalishe kwenye somo gani.