Usimwogope Jini wa Kitabuni

Wako watu wazima wasemao kwamba hadithi za majini na miji ya kale hazifai kutiwa mikononi mwa vijana. Wadai kuwa zaleta hofu, tena zafundisha uongo mahali pa historia. Msomaji, hoja hii ina sura ya busara, lakini ukiipima huioni uzito wake.

Chukua Adili na Nduguze, kitabu cha Shaaban Robert kilichotolewa mwaka 1952. Humo yumo liwali awapigaye manyani wawili kila usiku. Umo na mji ambao watu wake wamegeuka mawe. Asomaye husisimkwa mwili. Lakini manyani wale ni nani? Ni Hasidi na Mwivu, ndugu wa liwali, waliomtosa baharini. Basi kitishacho si jini aliyewageuza. Ni husuda iliyolelewa katika nyumba moja. Je, huo ni uongo? Nani kati yetu hajapata kuona ndugu wakiangamizana kwa ajili ya urithi?

Wasema pia kuwa hadithi hizo huua historia. Mimi nasema huiamsha. Nenda Gede, karibu na Malindi, uone kuta, misikiti na visima vya mji uliokwisha kuhamwa kufikia karne ya 17, ukamezwa na msitu. James Kirkman alianza kuuchimbua mwaka 1948, na vyombo vya kauri kutoka Uchina vilipatikana humo. Mwaka 2024 uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Hata hivyo, wataalamu hawajaafikiana juu ya sababu ya watu kuondoka. Kijana aliyesoma habari za mji wa mawe hapiti hapo kama apitaye kichakani. Husimama, akauliza: nani aliteka maji ya mwisho katika kisima hiki? Swali hilo ni mwanzo wa elimu.

Sikatai kwamba mipaka yapasa kulindwa. Atakayeandika katika mtihani kuwa majini ndio waliowafukuza watu wa Gede astahili sifuri. Lakini dawa yake ni kufunzwa kupambanua, si kufungiwa kabati la vitabu. Kijana asiyekutana na jini darasani, mchana, mwalimu akiwapo, atakutana naye gizani katika uvumi wa watu wazima, wala hatakuwa na silaha.

Kwa hiyo, msomaji, ukinyimwa kitabu cha namna hiyo, kiombe kwa adabu, wala usichoke kukiomba.