Maboga ya Kutisha na Vikapu vya Ngaremara

Kila ufikapo mwisho wa Oktoba, katika baadhi ya maduka makubwa ya Nairobi na mahoteli ya pwani huonekana mapambo ya ajabu: mafuvu ya karatasi, tando za buibui za pamba, na maboga yaliyochongwa macho na meno. Wapo wazazi wanaoketi na watoto wao wa chekechea wakaipamba nyumba hivyo kwa ajili ya Halloween, usiku wa tarehe 31.

Yafaa tujue mambo haya yametoka wapi. Waselti wa Ireland walikuwa na sikukuu ya kumaliza mavuno, wakiamini kuwa usiku huo mizimu huzurura. Baadaye Kanisa likaiweka Sikukuu ya Watakatifu Wote tarehe 1 Novemba, na mkesha wake ukabaki na desturi zile za kale. Katika karne ya 19 wahamiaji wa Ireland walizipeleka Marekani, na huko boga likageuzwa taa ya kutishia watu. Leo ni biashara kubwa.

Waislamu nao limewafikia. Mwaka 2014 Baraza la Fatwa la Taifa la Malaysia liliwakataza Waislamu kuisherehekea siku hiyo. Lakini mwezi wa Oktoba 2022, mjini Riyadh, watu walitembea hadharani katika tamasha wakiwa na mavazi ya kutisha. Basi mzazi wa Mombasa au Lamu asidhani kuwa jambo hili litaupita mlango wake.

Ndugu msomaji, natuitazame Oktoba hiyo hiyo huko Ngaremara, kaskazini ya mji wa Isiolo, katika barabara iendayo Moyale. Wakazi wake wengi ni Waturkana. Kwao Oktoba ni mwezi wa kutazama mbingu, maana ndipo mvua za vuli hutarajiwa. Tangu mwisho wa mwaka 2020 hadi mwisho wa 2022, mvua za misimu mitano mfululizo zilikuwa haba kaskazini ya Kenya, na mifugo zaidi ya milioni 2 ikafa nchini. Aliyeyaona hayo atashangaa kuona boga linatobolewa macho, kisha linaachwa lioze mlangoni. Nasi dini yetu imetukataza israfu waziwazi.

Si kwamba Waturkana hawajui mapambo. Mama wa Kiturkana huijenga nyumba kwa mikono yake, kwa fito na majani. Husuka vikapu kwa majani ya mkoma, na vyombo vya maziwa huvipamba kwa ngozi na shanga. Binti hujifunza akiwa kando ya mamake. Kinachopambwa ni chombo chenye kazi, ambacho kesho kitamlisha mtoto au mgeni.

Desturi hiyo si ngeni kwetu wa pwani. Nyumba zetu zilipambwa ili mtu akaribie: mkeka mpya wa ukili, moshi wa udi, asumini, na nakshi za mlango. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Halloween humzoeza mtoto kuipamba nyumba ili anayekuja aogope.

Wapo wasemao kuwa ni mchezo tu. Kweli, mtoto hupenda kukata karatasi na kupaka rangi, wala halaumiwi. Kwa hiyo kumkataza peke yake hakutoshi. Akinyimwa hiki asipewe kile, atakwenda kukitafuta kwa jirani. Wajibu ni wetu wazazi kumpa kazi ya mikono: Idd ikikaribia, akate miezi na nyota za karatasi, ajifunze kusuka ukili hata kama utakwenda upande, apange vikombe vya wageni, kisha atumwe na sahani ya vileja nyumba ya pili.

Samaki mkunje angali mbichi. Mtoto aliyepamba nyumba na mamake hukumbuka ilikuwa ikipambwa kwa ajili ya nani.