Mama Anapoitwa Uzazini Ng'ambo

Mwezi huu tunaweka kando habari za homa na lishe, maana kuna swali tunaloulizwa mara kwa mara kliniki, na hata nje ya kanisa baada ya ibada. Binti yuko Uingereza, kwa masomo, kwa kazi au kwa ndoa. Sasa ni mjamzito na anamwomba mama yake aende akakae naye wakati wa kujifungua. Mama anafurahi, anaanza kununua kanga, kisha anauliza: hiyo viza inapatikanaje?

Wapo wanaoiona safari hiyo kuwa ni anasa. Sisi wauguzi hatuioni hivyo. Kwetu mzazi haachwi peke yake. Siku arobaini ana mtu wa kumkanda, wa kumpikia mtori au uji, wa kumpokea mtoto ili yeye alale. Kule mume hupewa likizo ya uzazi ya wiki mbili tu kisheria, mkunga hupita nyumbani siku chache za mwanzo, na baada ya hapo binti hubaki na kichanga ndani ya nyumba iliyofungwa madirisha kwa ajili ya baridi. Huzuni ile inayowapata wanawake baada ya kujifungua hustawi panapokuwa na upweke. Mama akifika, mengi hutulia.

Basi tuizungumzie viza yenyewe. Ile inayomhusu mama huyu ni viza ya kawaida ya mgeni, inayomruhusu kukaa hadi miezi 6. Fomu hujazwa kwenye mtandao wa serikali ya Uingereza, kisha mwombaji huenda kwenye kituo cha viza, kwa sisi wa Tanzania ni Dar es Salaam na kwa dada zetu wa Kenya ni Nairobi, apigwe picha na kuchukuliwa alama za vidole. Ada ilipandishwa Aprili 2025 kutoka pauni 115 hadi 127, kwa hiyo mwambie binti aangalie kiwango cha siku hiyo kabla ya kulipa. Ukinyimwa viza, ada hairudi.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba, kwa kawaida, afisa anayeamua hakuoni. Hakuiti ukaketi mbele yake umweleze kwa upole. Anazo karatasi zako tu. Katika karatasi hizo anatafuta majibu ya maswali matatu: unakwenda kufanya nini, nani analipa, na je, utarudi nyumbani? Mawili ya kwanza binti anaweza kuyajibu kwa niaba yako. La tatu ni lako, nalo ndilo linalowaangusha akina mama wengi.

Linawaangusha kwa nini? Kwa sababu maisha ya mama wa kwetu hayamo kwenye karatasi. Shamba analilima yeye, lakini hati ina jina la baba. Duka analifungua yeye kila alfajiri, leseni ina jina la baba. Akiba yake iko kwenye kikundi cha VICOBA, haiko benki. Ana mume, ana watoto wawili wa sekondari, ana mama mkwe mzee anayemtegemea kwa kila kitu, na mambo hayo yangemrudisha nyumbani hata kwa miguu, lakini afisa hawezi kuyaona. Anachoona ni mwanamke asiye na mshahara wala mali, anayekwenda kwa binti aliyeko Ulaya.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuyaweka maisha yako kwenye karatasi. Kama umeajiriwa, omba barua ya mwajiri inayotaja likizo yako na tarehe ya kurudi kazini. Kama una biashara, weka leseni, risiti za kodi na taarifa ya benki ya miezi kadhaa. Kama mali ina jina la mume, ambatisha nakala ya hati, cheti cha ndoa, na barua ya mume mwenyewe akieleza kwamba anakusubiri na nani atakuwa na watoto wakati haupo. (Kinababa wengine huona ajabu kuombwa barua na mke wao. Wavumilie, wataandika.) Katibu wa VICOBA naye aandike ni kiasi gani umeweka na tangu lini, na nakala ya kitabu chako iambatane. Karatasi za watoto walioko shule na barua ya serikali ya mtaa nazo zinasaidia. Ila kila karatasi iliyoandikwa kwa Kiswahili lazima iende pamoja na tafsiri ya Kiingereza, yenye jina la mfasiri, sahihi yake, tarehe na namna ya kumpata.

Usiazime fedha kwa shemeji ili kuitunisha akaunti kwa wiki moja. Afisa huangalia fedha zimetoka wapi, na milioni tano zilizoingia juzi katika akaunti iliyokuwa na elfu themanini zinakuharibia kuliko kukusaidia. Kama binti na mumewe ndio watakaolipa, waseme hivyo waziwazi, waweke karatasi zao za mshahara, taarifa zao za benki, uthibitisho wa nyumba wanayoishi na wa haki yao ya kuishi huko.

Majina ni tatizo la peke yake. Mama amebatizwa jina moja, shule alijulikana kwa jingine, pasi ya kusafiria ina jina la mume, na kwenye cheti cha kuzaliwa cha binti mama ameandikwa kwa jina la baba yake. Mtaani anaitwa Mama Neema, nalo halimo popote! Afisa atajuaje kwamba huyu ndiye aliyemzaa yule? Linganisha pasi, kitambulisho cha NIDA na cheti cha binti mapema, huku mimba ikiwa bado changa. Pakitofautiana, nenda kwa wakili upate hati ya kiapo au ya kubadili jina, au RITA kama cheti chenyewe kina kosa. Mambo hayo huchukua muda, na tumbo la binti halisubiri.

Sasa hesabu, na hapa tuhesabu kama tunavyohesabu kliniki. Tuseme unataka ufike mimba ikiwa na wiki 38. Maombi hayapokelewi mapema zaidi ya miezi mitatu kabla ya safari, yaani karibu wiki ya 25. Uamuzi kwa kawaida hutoka ndani ya wiki tatu tangu siku ya alama za vidole, ingawa huweza kuchelewa. Ukiomba wiki ya 26 au ya 27, hata ukikataliwa bado una nafasi ya kusoma barua ya kukataliwa, kurekebisha na kuomba tena kwa ada mpya. Ukingoja hadi wiki ya 34, kukataliwa mara moja kunatosha kukukosesha uzazi. Kwa mgeni wa kawaida hakuna rufaa, isipokuwa kwa hoja za haki za binadamu, wala hiyo si njia ya haraka.

Tuje kwenye jambo linalotusumbua zaidi. Vishoka wanaojaza fomu kwa malipo huwaambia akina mama: "Usitaje uzazi, watasema unakwenda kufanya kazi. Sema unakwenda kutalii." Akina mama waaminifu, wenye kuimba kwaya, wanatia sahihi. Mama mmoja tunayemfahamu, mwenye duka la vitambaa, alijaziwa hivyo. Fomu ilisema anakwenda kuona majumba ya kale. Barua ya binti yake, iliyoambatishwa humo humo, ilisema anakuja kwa ajili ya kujifungua. Akakataliwa. Mjukuu alizaliwa bila yeye, na binti akakaa wiki za kwanza akilia kwenye simu. Baadaye mama aliomba tena kwa kusema kweli tupu, akapewa, akamkuta mtoto anatambaa. Ni neema kwamba afisa aliona mkanganyiko tu. Angeamua kuwa ni udanganyifu, sheria yao ingeweza kumfungia mlango kwa miaka 10. Tena anayewajibika ni mwombaji, hata kama fomu imejazwa na mwingine.

Na uongo ule haukuhitajika hata kidogo! Taratibu za Uingereza zinamruhusu jamaa kwenda kumwangalia mtoto wa familia kwa ziara fupi, mradi isiwe ajira ya uyaya. Bibi anayembeba mjukuu wake bila malipo kwa wiki nane, kisha akarudi kwa mumewe, havunji sheria. Anayekwenda kukaa miezi sita ili binti arudi kazini na asilipie yaya, huyo ana mashaka, na baadhi ya mabinti zetu, tuseme ukweli, ndicho wanachokitaka. Zungumza na binti yako kabla ya kuomba. Idadi ya wiki itajwe, tarehe ya kurudi itajwe, na fomu, barua yake na barua ya mumeo zote ziseme jambo moja. Barua ya mkunga yenye tarehe ya matazamio nayo iwemo.

Angalieni pia lugha. Sisi husema "naenda kumsaidia kazi", tukimaanisha kupika na kufua nepi. Ikitafsiriwa neno kwa neno, afisa husoma "kazi" akaelewa ajira. Andika ulicho nacho moyoni kwa ukamilifu: mimi ni mama yake mzazi, nakwenda kuwa naye anapojifungua na kumwona mjukuu wangu, silipwi, narudi tarehe fulani.

Kwa upande wa afya, usikubali kutozwa fedha za picha ya kifua eti ni sharti la viza. Kipimo cha kifua kikuu hudaiwa kwa wanaokwenda kukaa zaidi ya miezi 6, si kwa mgeni wa muda mfupi. Kipimo unachohitaji ni cha presha na sukari, kwa ajili yako mwenyewe. Mgeni akilazwa katika hospitali ya umma ya Uingereza hutozwa asilimia 150 ya gharama. Huduma ya kwanza katika chumba cha dharura ni bure, lakini ukishalazwa hesabu inaanza, na deni la pauni 500 au zaidi lisilolipwa linaweza kukunyima viza siku nyingine. Kata bima ya safari inayotaja ugonjwa ulio nao. Chukua dawa za presha, sukari au ARV za kutosha siku zote za safari na wiki mbili za ziada, zikiwa kwenye pakiti zake pamoja na barua ya daktari. Wa ARV waongee na CTC mapema wapewe za miezi kadhaa. Dawa zikae kwenye mkoba wa mkononi, kamwe zisiwekwe kwenye sanduku linaloweza kupotelea njiani.

Katika mkoba huo huo weka nakala za barua zote, tiketi ya kurudi, anwani ya binti na namba yake ya simu kwenye karatasi, maana simu huzima. Afisa wa uwanja wa ndege naye ana haki ya kukuuliza na hata kukurudisha. Kama Kiingereza kinakupa shida, omba mkalimani wa Kiswahili, hakuna aibu. Nyama iliyokaushwa na ile chupa ya samli uliyomwekea mzazi viache nyumbani, kwa kuwa nyama na vyakula vya maziwa kutoka kwetu haviruhusiwi kuingia. Kanga za kumfungia mtoto hazina kizuizi.