Mwenye mchezo akichoka, awaruhusu mashabiki

Jumamosi iliyopita niliingia katika chumba kimoja cha kompyuta mtaani Kangemi, nikawakuta vijana sita wakiwindana kwa bunduki za mchezoni. Walikuwa wakicheza Unreal Tournament, mchezo wa kampuni ya Epic Games ya Marekani uliotoka mwaka 1999, kabla ya wao kuzaliwa. Mimi niliucheza ujanani katikati ya jiji, katika orofa moja ya barabara ya Moi Avenue, nikilipia kwa saa. Wapinzani wangu wote walikuwa chumbani humo, kwa maana kabla ya nyaya za baharini kufika Mombasa mwaka 2009, intaneti ya setilaiti ilikuwa ya mwendo wa kobe.

Je, mchezo huu umeponeaje miaka yote hiyo? Jibu ni mashabiki. Kampuni ilipoacha kuukarabati, iliwaruhusu wapenzi wake wa kundi la OldUnreal kuifanya kazi hiyo. Toleo lao, namba 469, limeuwezesha mchezo kwenda vyema katika kompyuta za leo na kuziba mianya ya usalama. Kila hatua hupewa herufi yake, na kabla ya kutangazwa kuwa imara, hutolewa matoleo ya majaribio ili wachezaji wafichue kasoro.

Wapo wanaolalamika kwamba kazi hiyo inajikokota. Siafikiani nao. Mchezo wa wengi hautaki pupa: kompyuta inayowaunganisha wachezaji ikipata hitilafu, wote huanguka pamoja.

Umuhimu wa kazi hiyo ulidhihirika Januari 2023, Epic Games ilipozima huduma zake za intaneti kwa michezo yake ya zamani. Bila mashabiki, mchezaji wa Westlands asingejua pa kumpata mwenzake wa Kawangware. Lakini mashabiki walikwisha kuandaa orodha zao za mahali pa kuchezea, na mchezo ukaendelea.

Kuna watakaosema kwamba ruhusa kama hiyo ni kugawa mali ya watu. La hasha! Epic Games ingali mwenye mchezo. Iliruhusu ukarabati, haikutoa hati ya kumiliki.

Hapa ndipo ninapowageukia vijana wetu wanaounda michezo na programu jijini Nairobi. Wengi huanza kwa shangwe, kisha fedha huisha na kazi njema ikafa pamoja na kampuni. Nawasihi waandike mapema, mkataba ungali mbichi, kwamba siku watakaposhindwa kuitunza kazi yao, watumiaji wataruhusiwa kuikarabati. Sheria ya hakimiliki inamlinda mwenye kazi. Haimkatazi kuwa mkarimu.

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Basi asiye na nguvu za kuuziba, asimzuie jirani aliyekwisha kukoroga udongo.