Usomi Si Kuwababaisha Watu

Imezuka kasumba miongoni mwa baadhi ya wasomi wetu ya kudhani kwamba kuwababaisha wasikilizaji ndiko kuwaelimisha. Msomi wa namna hii husimama katika semina, akamwaga majina ya wanafalsafa wa Ulaya, akapachika maneno ya kigeni pasipo haja, akapinga kila lisemwalo, kisha akaketi akipigiwa makofi. Waliomsikiliza huondoka wakijua jambo moja tu: kwamba yeye amesoma.

Huko si kutikisa mawazo yaliyozoeleka. Ni kujitangaza.

Hebu tumtazame Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa Shule ya Sekondari ya Magamba, mkoani Tanga, alitia katika friji maziwa ya aiskrimu yakiwa moto, akaona yameganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipouliza sababu, mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Baadaye, huko Mkwawa, Iringa, alidhihakiwa kwamba hiyo ilikuwa fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Hakunyamaza. Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, alipoitembelea shule hiyo, Mpemba alimwuliza swali lile lile kwa maneno mepesi, huku wenzake wakicheka. Osborne hakujifanya anajua. Aliporudi chuoni aliagiza jaribio lifanywe. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala pamoja.

Wataalamu wangali wanabishana juu ya jambo hilo, na wapo wanaolikana kabisa. Na wabishane! Swali la kweli humpa msikilizaji kitu cha kupima, hata aweze kumkosoa mwulizaji. Majivuno humnyima nafasi hiyo, maana hustawi pale tu ambapo msikilizaji haelewi.

Ndugu walimu, kila mnapolizima swali la mtoto kwa kicheko, mnamfundisha kwamba elimu ni pambo la wakubwa. Nanyi watumishi wa umma, waraka usioeleweka kijijini haumshawishi mkulima. Humnyamazisha, na kosa lililomo hubaki bila wa kulisahihisha mpaka mazao yapotee shambani.

Kwa hiyo anayedai kupinga mawazo ya watu hana budi ayaseme yake kwa lugha watakayoweza kumjibia. Akiogopa kujibiwa, basi hakuja kuelimisha, alikuja kutazamwa.