Njia Ni ya Nani?



Juzi, siku ya gulio, nilimwona bibi mmoja mwenye kikapu katika barabara kuu ya mji wetu. Njia ya waendao kwa miguu ilikuwa imejaa motokaa zilizoegeshwa na magunia ya dukani, basi ikamlazimu kushuka barabarani. Baiskeli ikamkwepa, lori likapiga honi, nusura agongwe. Nilipowaambia wenye maduka, walijibu: “Motokaa zikiondolewa hapa, nani atakuja kununua?”

Hofu hiyo si mpya. Mwaka 1962 wakuu wa mji wa Copenhagen, nchini Denmark, walizuia motokaa kwa majaribio katika Strøget, njia ya maduka yenye urefu wa zaidi ya kilometa moja. Wenye maduka walinung’unika sana, wakidhani biashara itakufa. Kumbe watu walipopata nafasi ya kutembea bila hofu, walizidi kuja. Hata leo njia ile ni ya waendao kwa miguu. Maana motokaa hainunui sukari. Anunuaye ni mtu, naye huingia dukani kwa miguu yake.

Sisi hatuna haja ya kuzifukuza motokaa. Ziegeshwe nyuma ya soko. Zipitapo madukani ziende polepole, kilometa 30 kwa saa, ili dereva aweze kusimama upesi. Baiskeli nazo zipewe ukingo wake.

Nawe mwenye duka, anza leo: ondoa magunia yako njiani. Bibi yule alikuwa anakuja kwako.