Maji Kwanza, Miche Baadaye

Nilipoomba makala ya toleo hili kuhusu mazingira ya Bandari ya Mombasa, nusu ya yaliyonifikia yalianza kwa idadi ya miche. Miche elfu kadhaa Port Reitz, mingine Tudor, fulana za rangi moja, waheshimiwa wameinama kwenye matope mpaka mpiga picha aridhike. Tangu serikali itangaze lengo la miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032, kila taasisi yenye ofisi karibu na maji imejipa kazi ya kupanda mikoko. Wanaorudi kuhesabu iliyobaki hai ni wachache mno, na hao hawaalikwi kwenye hafla.

Mikoko haijanikosea kitu. Kinachonikera ni imani kwamba hori lililochoka hutibiwa kwa mche.

Chukueni Makupa. Kwa miongo mingi tuta lililounganisha kisiwa na bara liliziba mawasiliano ya maji kati ya hori la Tudor na lile la Port Reitz. Maji yaliyokuwa yakipishana yakabaki kuingia na kutokea mlango mmoja. Mwaka 1988 tangi la mafuta lilitobolewa, mafuta yakamiminika hori la Makupa, mikoko ikafa, na matope yakanyonya uchafu ambao hapakuwa na mkondo wa nguvu wa kuuondoa. Kando yake likakua jaa la Kibarani, taka zikashuka mpaka ukingoni. Leo Kibarani pana nyasi na miti, na mwandishi wetu ameleta picha za kupendeza, zitazameni. Lakini kilichonifurahisha pale ni kile ambacho hakuna aliyekipiga picha, yaani uvungu wa daraja jipya la Makupa, lililofunguliwa mwaka 2022 na kusimamishwa juu ya nguzo ili maji yapate kupita tena. Mkinipa fedha za bustani kumi za namna ya Kibarani, zote nitazitia kwenye kufungua njia za maji, na lawama za wapenda maua nitazibeba.

Sababu yangu ni kwamba mikoko inajua kujipanda. Mbegu ya mikoko mingi huchipua ingali juu ya mti, hudondoka, huelea, hukwama inapopata matope yanayoifaa. Pakijaa na kupwa inavyotakiwa, msitu hurudi bila hafla. Pasipojaa, au pakijaa kupita kiasi, mtapanda mwaka huu na mwakani mtarudi kupanda palepale, labda hicho ndicho baadhi yetu wanachokitaka. Tena wapandaji wengi wanaujua mti mmoja tu, mkoko wenyewe, kwa kuwa mbegu yake ndefu kama fimbo ni rahisi kuichomeka. Wanaichomeka mbele, pa mlilana, kwenye mawimbi. Wanaichomeka nyuma, pa mchu na mkandaa, ambako maji hufika siku za bamvua tu na chumvi hukauka juu ya ardhi. Wakata boriti wa Lamu wangewaeleza kosa hilo bure, lakini wakata boriti nao hawaalikwi.

Na si maji pekee, ni kile kilichomo ndani yake pia. Wakati wa mvua za El Nino za mwaka 1997 na 1998, udongo kutoka bara ulishuka hori la Mwache ukafukia mizizi ambayo mikoko huitumia kupumua. Msitu ukakauka pasipo shoka wala meli kuhusika. Anayetaka ukingo wa kijani karibu na magati lazima afike mpaka kwenye miteremko ya Kinango, akaulize nani analima wapi na nini kinauzuia udongo usishuke. Makala tuliyonayo kuhusu bwawa la Mwache yanasema bwawa litazuia tope. Yanataja kwa haraka mno kwamba litazuia pia maji baridi ambayo hori linayategemea. Nilimwomba mwandishi awe mkali zaidi, akakataa kwa adabu.

Kisha kuna Bamburi, ambayo hutajwa kila mara mtu anapotaka kunyamazisha mjadala. Ndiyo, mwaka 1971 René Haller alianza kupanda mivinje kwenye machimbo ya kiwanda cha saruji yaliyokwisha chokaa, na leo pale ni msitu. Wanachosahau wasimulizi ni majongoo. Majani ya mvinje yalirundikana bila kuoza mpaka Haller alipoleta majongoo wayale na kuyageuza udongo. Wanaotaka kuiga kazi hiyo kwa kupanga mivinje pembezoni mwa yadi za makontena wamechukua mti wakaacha akili iliyouotesha.

Mengine yaliyomo: makala ya Lamu yanairejea hukumu ya mwaka 2018 iliyoamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa madhara ya bandari mpya. Yasomeni sambamba na yale ya Gazi, ambako mradi wa Mikoko Pamoja umekuwa ukiuza hewa ukaa tangu mwaka 2013. Tanga tumeipa kurasa mbili. Makala kuhusu vivuli kwa madereva wa malori Changamwe yamenishika kuliko nilivyotarajia: anayelala chini ya trela akisubiri zamu ana haki ya mwarobaini, na hapo sina ubishi na wapanda miti.

Ubishi wangu umehamia Dongo Kundu. Barabara ya kukwepa mji imevuka Mwache na Mteza kwa madaraja, jambo la kushukuru. Sasa inakuja zamu ya maghala, barabara za ndani na viwanja vya eneo maalumu la kiuchumi, vitu ambavyo hupenda kujengwa juu ya kifusi. Wahandisi nina swali moja kwao: kila tuta litakaloinuliwa mahali panapofikiwa na bamvua litakuwa na matundu mangapi chini yake, na yenye upana gani? Mwenye michoro atuletee. Tutaichapisha yote, na vipimo vyake, kabla zege halijamwagwa.